Shamba langu la kwenye gemu lilinituliza, sasa soka inaninyima usingizi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33, ni mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Naishi na mama pamoja na mdogo wangu wa kiume. Tuna mashine ya gemu, PS4 Slim ya mtumba, na TV ya inchi 32.

Kwa muda mrefu nilikuwa na gemu moja tu, Stardew Valley, la kuendesha shamba. Nikitoka kazini, nikishaoga na kula, nalima, nalisha kuku, napita kijijini kusalimia watu, kisha nalala fofofo. Baba alifariki mwaka jana, na miezi ile ya msiba shamba hilo ndilo lililonishikilia. Nililipa jina la Muheza, kwa sababu baba alikuwa na michungwa yake huko. Hata kwenye gemu nilipanga kupanda michungwa, sijapanda.

Niko mwaka wa pili, majira ya baridi, siku ya 20. Mdogo wangu aliniambia kwamba mwaka wa tatu ukianza, babu wa kwenye gemu, yule marehemu aliyekuachia shamba, hurudi kukagua ulichofanya. Tangu siku hiyo sijalifungua, sasa ni miezi miwili. Badala yake nacheza EA Sports FC, gemu la soka, mtandaoni na watu nisiowajua. Naanza saa 3 usiku nikisema mechi moja, nikishtuka ni saa 7. Nikifungwa moyo unanidunda, nalala saa 8, asubuhi nakosea hesabu. Wengine wananitumia matusi. Umeme ukikatika katikati ya mechi nahesabiwa nimefungwa.

Mama anasema mtu mzima mwenye kazi yake hachezi michezo ya watoto. Je, ni kosa mtu wa umri wangu kutulizwa na gemu? Mbona kitu kilekile kilichonituliza sasa kinanichoma? Au nimekuwa mraibu?

Mwenye Shamba, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na baba.

Nianze na neno la mama, kwa sababu ndilo lililokufanya uandike kama mtu anayeungama. Kutulizwa na mchezo si utoto. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na pwani yote hii watu wazima wenye wake na wajukuu hukaa nalo kuanzia alasiri hadi magharibi. Hakuna anayewauliza watakua lini. Wewe unatumia skrini na padi ya kuchezea badala ya ubao na kete. Jambo la kuangalia ni namna unavyoinuka ukimaliza. Shambani ulikuwa ukiinuka umetulia, ukalala. Kwenye soka unainuka mikono inatetemeka. Hapo ndipo pa kushughulikia, umri wako uache.

Wala si kitu kilekile. Neno gemu ni pana kama neno chakula, na uji na pilipili vyote ni chakula.

Tazama shamba linakudai nini. Siku moja mle ndani huenda kwa takriban dakika 14: kila sekunde 7 hivi saa ya gemu husogea dakika 10, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 usiku. Usipomwagilia, mmea haukui siku hiyo, lakini haufi. Ukichelewa kulala ukazimia, unapoteza pesa kidogo na kuamka na nguvu pungufu, basi. Nguvu zako za kuanzia ni 270 na kila pigo la jembe linapunguza kidogo, kwa hiyo gemu lenyewe linakupangia mwisho wa kazi, jambo ambalo ofisi haikufanyii. Kila unachokigusa kinaonyesha matokeo: umepanda viazi, baada ya siku 6 unavuna viazi. Wataalamu wa saikolojia wanaochunguza raha ya gemu hutaja mahitaji matatu ambayo gemu zuri huyashibisha: kuhisi unaweza, kuhisi unachagua mwenyewe, na kuhisi uko na watu. Shamba lako lilikupa yote matatu bila kukudai ushindi. Mtu aliyefiwa, ambaye nje kila kitu kimemponyoka, anahitaji mahali padogo ambapo akipanda kinaota. Hukuwa unapoteza muda.

Soka ya mtandaoni imejengwa kwa kanuni nyingine. Kwenye mashindano ya madaraja mfumo hukutafutia mpinzani wa kiwango chako. Ukishinda, unapelekwa kwa wakali zaidi. Ukifungwa, unaletewa wa chini kidogo. Kwa hiyo hata ukizidi kuwa hodari, utaendelea kufungwa karibu nusu ya mechi zako. Wewe ni mhasibu, piga hesabu: anayengoja ashinde ndipo atulie, nusu ya mechi zake atainuka hajatulia. Mchezo haujaharibika kwa kuwa hivyo, ndivyo ushindani wa haki unavyopaswa kuwa. Ila hiyo si dawa ya saa 4 usiku kwa mtu aliyeshinda kutwa akigombana na ankara.

Kuna pia sababu ya kifundi ambayo wachezaji wengi hawaijui, wakadhani wao ndio wabovu. Gemu hili huonyesha picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha hudumu milisekunde 16.7. Intaneti yako ikichelewa milisekunde 150 kufika kwenye seva, kompyuta inayoendesha mechi, iliyo ng'ambo na kurudi, ni kama picha 9 zimepita. Unabonyeza pasi, mchezaji anasita, mpira umeshanyang'anywa. Ubongo wako unasoma hilo kama kushindwa kwako na unakuletea hasira, wakati kosa ni la njia. Ongeza TV: nyingi husafisha picha kabla ya kuionyesha, na usafishaji huo unaongeza ucheleweshaji wake. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, tafuta hali iliyoandikwa gemu, iwashe. Rangi zitapauka kidogo, lakini padi itaitika haraka zaidi. Kama mna rauta, unganisha PS4 kwa waya badala ya Wi-Fi, na hakikisha mdogo wako hashushi video saa ya mechi. Kama unatumia bando la simu, weka simu karibu na mashine, na usiicharji chini ya mto ikapata moto, maana simu iliyopata moto hupunguza kasi.

Sikuambii uache soka. Ni mchezo mzuri na unaujua. Ninachokuomba ni kubadilisha saa yake na kuuwekea kikomo. Cheza kabla ya chakula cha usiku, umalize kabla ya saa 3. Mechi ya mtandaoni ina vipindi viwili vya dakika 6, na ukijumlisha kusubiri, marudio na kusimama, ni dakika 15 hadi 20. Mechi mbili zinatosha kwa jioni ya siku ya kazi.

Kanuni ya pili, ukifungwa mara mbili mfululizo, zima hata kama saa haijafika. Aliyefungwa hutaka kurudisha. Akitaka kurudisha anaharakisha, anatoa mabeki nje ya nafasi, anashikilia kitufe cha shuti hadi mpira unapaa juu ya mwamba, anafungwa tena. Hapo ndipo saa 3 inapogeuka saa 7. Ukitaka mpira bila ya hayo, cheza dhidi ya kompyuta: chukua timu, endesha msimu wako kama kocha, weka vipindi vya dakika 4 au 5, na uteue ugumu ambao unashinda mara nyingi lakini si kila mara. Ukishinda tano mfululizo, panda ngazi moja. Ukifungwa tatu, shuka moja, wala usione haya. Tena huko umeme ukikatika hakuna anayepata ushindi wa bure.

Matusi yazime leo. Kwenye mipangilio ya PS4, sehemu ya akaunti, utakuta mipangilio ya faragha. Pale kwenye ujumbe chagua marafiki tu. Dakika 2 zinatosha. Mtu ambaye humjui na hutamwona hana sababu ya kuingia chumbani kwako usiku.

Na kwa kuwa umeshaingia kwenye gemu hili, pesa halisi usizitumie kununua pakiti za wachezaji. Hujui umepata nani hadi umeshalipa, nayo ni bahati nasibu iliyovaa jezi. Ubelgiji waliliona hivyo mwaka 2018, na mapema 2019 kampuni ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti hizo.

Sasa neno uraibu. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa uchezaji gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo ni vitatu na vyote vinatakiwa: kushindwa kujizuia kucheza, gemu kutangulia shughuli nyingine na mambo uliyokuwa ukiyapenda, na kuendelea hata madhara yakishaonekana. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 hivi, kwa uzito wa kuvuruga familia, kazi au masomo. Wewe una miezi miwili, kazini unakwenda, na umeandika kutafuta njia. Lakini usingizi na makosa ya hesabu ni madhara tayari, usiyapuuze. Jaribu utaratibu huu wiki 4. Ukishindwa kabisa kuufuata, au ukijikuta unaficha saa unazocheza, au huzuni imekufikisha mahali huoni haja ya kuamka asubuhi, nenda hospitali ya mkoa ukaonane na wa afya ya akili. Mweleze msiba kwanza, gemu baadaye.

Maana nimeisoma barua yako mara tatu, na nadhani hukuliacha shamba kwa kulichoka. Uliliacha siku uliyosikia babu anarudi. Umelipa jina la mahali alipolima baba yako, umelilima miezi yote ya msiba, kisha unaambiwa kuna mzee aliyekufa atakuja kulikagua. Nani asingeogopa? Soka haikuwa na mtu wa kukukumbusha hayo, ukakimbilia huko.

Basi nikueleze ukaguzi ulivyo, ili uogope kilichopo tu. Unatokea mwanzo wa siku ya 1 ya majira ya kuchipua, mwaka wa tatu. Gemu hujumlisha pointi zisizozidi 21: pesa ulizochuma tangu mwanzo, kuanzia 50,000 hadi 1,000,000, ujuzi wako, urafiki na wanakijiji, ukumbi wa jamii, makumbusho, ndoa, hata mapenzi ya paka au mbwa wako. Ukifika pointi 12, mishumaa minne inawaka kwenye madhabahu ya babu, kaskazini magharibi mwa shamba, na unapewa sanamu inayotoa madini ya iridiamu kila siku. Ukipata chache, inawaka michache. Hakuna ng'ombe anayechukuliwa, hakuna pesa inayokatwa, hakuna mlango unaofungwa. Na baada ya hapo, siku yoyote ya mwaka wowote, ukiweka almasi moja kwenye madhabahu ile unaomba ukaguzi upya. Huyu babu hana hukumu ya mwisho.

Wala hajachoka kukungoja. Ziko gemu kama Animal Crossing: New Horizons zinazofuata saa ya ukutani, ukipotea miezi miwili unakuta magugu kisiwani. Stardew Valley husimama ulipoiacha. Ni siku ya 20 bado, na kuku ni walewale.

Kabla hujaingia, tengeneza nakala, kwa kuwa shamba hili lina thamani kuliko mashine. Chukua flashi ya USB iliyofomatiwa kwa FAT32 au exFAT. Ya NTFS PS4 haiisomi. Fungua mipangilio, nenda kwenye usimamizi wa data zilizosevuwa, chagua zilizo ndani ya mashine, kisha nakili kwenda USB, uteue Stardew Valley. Ifanye leo, na uifanye tena usiku wa siku ya 27, ili ukitaka kubaki na shamba kama lilivyokuwa kabla babu hajaja, liwepo.

Umeme nao una utaratibu wake. Gemu hili kwenye PS4 husevu unapolala tu, kwa hiyo umeme ukikatika unapoteza dakika 14 kwa wingi wake, si jioni nzima. UPS, kifaa cha kuhifadhi umeme, ndogo ya VA 650 ikiwa na betri nzima itakupa kama dakika 10 kwa PS4 Slim na TV ya inchi 32, muda wa kumfikisha mkulima kitandani. Umeme ukirudi usiwashe papo hapo, subiri dakika 5 utulie kama mnavyofanya kwa friji. Usiiache mashine kwenye hali ya kupumzika mkilala, izime kabisa. Na ikigoma kuwaka vizuri baada ya kukatika, izime, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 7 hadi usikie mlio wa pili, unganisha padi kwa waya wa USB, chagua namba 5, ya kujenga upya hifadhidata. Hiyo haifuti shamba. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, mwambie na mdogo wako.

Upimaji wa muda shambani ufanye kwa siku za gemu, si kwa saa ya ukutani. Siku 3 ni dakika 42. Mtego wa gemu hili ni kwamba kulala kunasevu, kisha asubuhi inafunguka papo hapo na mazao mapya, mkono unashika jembe lenyewe. Kwa hiyo usipange kuacha usiku. Panga kuacha asubuhi: ukishaona saa 12 na jogoo amewika, tayari imesevu. Toka hapo hapo, kabla hujafungua mlango wa nyumba. Anza saa 3 na robo, saa 4 utakuwa umemaliza. Punguza mwanga wa TV, shusha sauti ibaki muziki, na kama mtetemo wa padi unakushtua uzime kwenye mipangilio ya vifaa. Mkulima wako huzimia saa 8 usiku, saa ileile unayolala wewe siku hizi. Wewe lala saa 5.

Jihadhari na tabia moja ya wahasibu. Wengi huanza kupiga hesabu ya faida kwa kila kiraba cha shamba, wanafungua majedwali ya bei, wanapanga kila dakika, na baada ya mwezi wana ofisi ya pili. Ukijikuta unaandika orodha ya kazi za shamba kwenye karatasi, tenga siku moja kati ya tatu isiyo na faida yoyote: tembea ufukweni, vua samaki mmoja, mpelekee mtu zawadi, lala mapema.

Mama usibishane naye. Mwite akae nawe siku moja umwonyeshe jina la shamba. Mtu aliyeishi na mkulima wa Muheza atakuwa na la kusema kuhusu nafasi kati ya miti, na huenda nyote wawili hamjapata mahali pa kumzungumzia marehemu bila kulia. Akipenda kushika padi, shamba hilo linachezwa na wawili kwenye skrini moja mkiwa na padi ya pili. Ila mkiwa wawili saa haisimami mmoja akifungua mkoba wake.

Kutoka siku ya 20 hadi ya 28, ya mwisho ya majira, una siku 9, kama dakika 126, yaani jioni tatu. Majira ya baridi nje hakuoti mengi, na ukimya huo unaweza kumlemea mwenye huzuni, kwa hiyo usiingie mikono mitupu. Siku ya 25 kuna sikukuu ya kupeana zawadi. Barua ya siku ya 18 ilishakutajia mtu wako, ifungue tena ujue ni nani. Na siku ya 20 mle ndani ni Jumamosi, duka la Pierre la pale kijijini liko wazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Mche wa mchungwa ni 4,000. Mti wa matunda hukua hata majira ya baridi na hauhitaji kumwagiliwa. Unachohitaji ni viraba 8 vya ardhi vinavyouzunguka viwe vitupu, pasiwe na jiwe wala uzio, la sivyo unasimama kukua. Huchukua siku 28. Ukiupanda siku hiyo ya 20, babu atakapokuja ataukuta mche. Siku ya 20 ya majira ya kuchipua utakuwa mti, na kiangazi kikianza unaanza kuzaa, chungwa moja kwa siku, hadi matatu yakikaa mtini yakikungoja.